Mtoto wa Jumapili

Uvumi wenyewe Ruuta aliusikia kwenye foleni ya mashine za kufulia, huko Mildura, Australia, wanakokaa wachuma zabibu: kwamba mtoto wa visiwani akizaliwa ugenini, na serikali ya kwao isipomwandika, huanza kwenda kwao mwenyewe. Aliyesema alikuwa anakunja mashuka na aliendelea kukunja. Ruuta alicheka. Lakini maneno yale yalimganda kama vumbi jekundu la shambani, akawa kila mara anaingia chumbani kupapasa kitanda cha mwanawe.

Mtoto, Meere, alizaliwa katikati ya mavuno. Baba yake, Kautu, ni baharia na alikuwa melini. Yeye na Ruuta ni watu wa Kiribati, visiwa vya Pasifiki, wazaliwa wa kisiwa cha Abaiang, na hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulianzia hospitalini, nesi alipouliza mtoto ni wa nani. Kwetu babu anaweza kumwomba mjukuu angali tumboni, na akikubaliwa, mtoto ni wake. Tekaai, baba yake Ruuta, alikuwa ameomba kwa simu na ametuma mkeka. Basi Ruuta akajibu kama alivyolelewa: "Ni wa Tekaai na mkewe." Nesi akawaandika hao kuwa ndio wazazi.

Jumapili moja Ruuta alitoka kuanika nguo, aliporudi kitanda kitupu. Simu ikalia. Ni Tekaai.

"Mtoto amefika," alisema. "Yuko hapa maneaba, amekaa kwenye nafasi yetu."

Maneaba ni ukumbi wa kijiji, wenye paa la majani ya mkadi lililoshuka mpaka mtu huinama kuingia. Kila ukoo una nafasi yake ya kukaa, na hakuna anayekaa pa mwenzake.

"Amefikaje, baba?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nasikiliza hotuba. Siku nyingine mfunge nepi mbili, ameulowesha mkeka wa watu."

Wimbo wa mwisho ulipokwisha kule, Meere alikuwa kitandani tena Mildura, nywele zinanukia mafuta ya nazi, mdomo unanata asali ya tembo la mnazi. Ruuta alizinusa zile nywele mpaka mtoto akachoka. Zilikuwa na moshi wa vifuu. Zilikuwa na ile saa ya alasiri ambapo wagema wanaimba juu ya minazi ili watu wajue nani yuko wapi, na mama anamwita yeye Ruuta, angali mdogo, arudi kutoka kwenye mashimo ya magimbi kabla hajachafua nguo. Tangu siku hiyo Jumapili jioni hakumwogesha.

Mkataba wa kazi ulikuwa unaelekea ukingoni. Ruuta alitaka kurudi na mtoto wake, hakutaka kingine. Akapiga simu ofisi ya usajili nyumbani.

"Dada, hapa wazazi ni Tekaai na mkewe," karani alisema. "Wazee hawa hata hapa mjini Tarawa wanakuja kwa kusukumwa. Wamezaaje Australia?"

"Hao ni babu na bibi. Mimi ndiye niliyezaa."

"Basi tumwone mtoto."

"Kila Jumapili yuko maneaba. Kijiji kizima kinamwona."

"Najua, mpenzi. Mimi si wa hapo hapo? Juzi nimembeba mwenyewe, ana mashavu ya mama yako, na ananing'ata huyo! Lakini kubeba si ushahidi." Karani akafikiri. "Tena kama yuko Abaiang, hayuko nje. Fomu hii ni ya waliozaliwa nje. Na kama ameingia bila pasi, hilo ni la uhamiaji, si letu."

"Na nikisema yuko huku kwangu?"

"Basi huko hana pasi. Na pasi haitoki mpaka aandikwe."

Ikatakiwa hospitali isahihishe majina, na Kautu asaini. Hospitali ikasema asaini kwanza Kautu. Kautu alikuwa kwenye bahari isiyo na simu. Mkataba ukaisha.

Uwanja wa ndege Ruuta alimkabidhi Meere kwa Bairee, mwanamke wa kwetu aliyeolewa Mildura.

"Anapenda kubebwa akitazama mbele," Ruuta alisema.

"Nenda, shoga. Wewe utamwona Jumapili, mimi ndiye nitakayekesha naye siku zilizobaki."

Ruuta alifika Abaiang, akaosha miguu, akakaa kwenye nafasi ya ukoo akangoja. Jumapili, nyimbo zilipoanza, Meere akawa mapajani mwake. Watu wakasogea kidogo, wakaendelea kuimba. Tekaai akampa kidole anyonye. Imekuwa hivyo hadi leo. Anaota meno, anajifunza kusimama, yote Jumapili. Kautu amerudi, amesaini. Ofisi imesema saini ni ya baba wa mtoto mwingine, kwa kuwa baba wa huyu ni Tekaai.

Wewe mama uliye mbali na una mimba, epuka haya:

Usimjibu nesi kwa adabu ya nyumbani. Mtoto ni wako mpaka utoke mlangoni pale.

Usimwache mume aende melini kabla hajasaini.

Usimwambie karani kwamba mtoto ameonekana maneaba.

Usimlishe sana nyimbo zikikaribia kwisha. Hutapika akifika.

Usimkumbatie kwa nguvu wimbo wa mwisho unapoanza. Ruuta alijaribu, akabaki na soksi.