Nira Iliyopimwa kwa Karatasi

Mwalimu Chrispin alipouliza swali lile, mkono wa Damari ulikuwa umebanwa katikati ya magoti yake, na aliyeubana alikuwa yeye mwenyewe.

"Nani hapa kwao wanalima kwa maksai?"

Wanafunzi wa kidato cha tatu walitazamana karakanani. Walikuwa wavulana thelathini na wasichana wanne, wasichana wa kwanza kupokelewa katika shule ile ya ufundi. Wengi walitoka mikoa ya mbali. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa pwani, ng'ombe alimjua kwenye mchuzi, na hilo alilisema bila kificho. Ndiyo maana aliuliza. Mezani mbele yake kulikuwa na mchoro wa mkokoteni wa ng'ombe, uliotumwa kutoka mbali na vipimo vyake vyote, na ukingoni mwa mchoro, nira.

Kwao Damari ni Issuna, kijiji cha mkoa ule ule. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume, hivyo tangu ana miaka minane Damari ndiye aliyetangulia mbele ya maksai, kamba mkononi, baba nyuma ameshika plau. Nira aliijua kama wasichana wenzake walivyojua mwiko wa ugali. Alijua haichongwi kabla mwenye ng'ombe hajalaza uzi wa kupimia juu ya shingo ya kila mmoja, mbele ya nundu. Ng'ombe wa kwao wana shingo nyembamba, tena hata wawili wa zizi moja hawalingani. Nira ikiwa pana hucheza, na ikicheza huchuna.

Yote hayo aliyajua, na mkono haukuinuka. Wiki yake ya kwanza pale shuleni, Antipasi, kijana wa mjini mwenye ulimi wa wembe, alinusa samli kwenye nywele zake akamwita Binti Maksai. Jina lile lilimganda mwaka mzima, na ilimchukua mwaka mwingine kulibandua. Hakuwa tayari kulivaa tena kwa ajili ya gogo la mti.

"Basi tufuate karatasi," alisema mwalimu.

Wakaifuata. Damari alipewa kupiga randa, akapiga mpaka mti ukang'aa.

Mkokoteni ule haukuwa wa shule peke yake. Tangu chuo cha maendeleo ya wananchi kifunguliwe jirani, mwaka uliopita, wakuu wa pande mbili walikubaliana kwamba kila Alhamisi kidato cha tatu kiende chuoni. Wanafunzi wangewaonyesha watu wazima namna ya kusoma mchoro, na watu wazima wangewaonyesha wanafunzi kazi yenyewe. Wanafunzi walikwenda wakinung'unika. Antipasi alisema hakupasi mtihani ili akafundishwe na wazee wanaopiga muhuri kwa dole gumba.

Kati ya wazee hao alikuwamo Mzee Mughwai, mkulima wa upande wa Ilongero, aliyetumwa na kijiji chake cha ujamaa akajifunze useremala. Maksai wawili aliokuja nao aliwaita Uhuru na Kazi. Mtu akimuuliza sababu, alijibu kwamba Kazi ndiye anayevuta na Uhuru ndiye anayekula.

Siku ya kukabidhi mkokoteni, mzee alipitisha kidole ndani ya nira, akatikisa kichwa kidogo.

"Naiona kama pana," alisema.

Mwalimu Chrispin alimfunulia mchoro, akamwonyesha kipimo. Mzee aliinama, akaisoma namba ile taratibu, namba aliyofundishwa kuisoma na watoto hawa hawa.

"Haya. Ninyi ndio mmesoma."

Damari alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Aliangalia chini, akachezea vumbi kwa kidole cha mguu.

Kwa siku tano Uhuru na Kazi walisomba mawe ya msingi wa darasa la chuo. Siku ya sita Uhuru aligoma. Nira ilipoondolewa, shingo yake ilikuwa jeraha wazi, upana wa kiganja, na nzi walishafika. Mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa tayari yakijikusanya upande wa mashariki. Maksai mmoja hawezi kuvuta plau, na Mzee Mughwai hakuwa na wa tatu.

Alhamisi iliyofuata hapakuwa na somo. Walikaa chini uwanjani, wanafunzi upande mmoja na watu wazima upande wa pili. Mwenyekiti wa kijiji cha Mzee Mughwai alisema kwa upole, lakini maneno yake yalikuwa mazito: shule ibaki na watoto wake na chuo kibaki na watu wake, maana shamba la mtu si daftari la kujaribia. Marietha, mke wa Mzee Mughwai, alikuja kwa miguu toka kijijini. Alikuwa akiitazama mikono yake, kama anayepima ni ekari ngapi ingeweza kulima kwa jembe.

Mwalimu Chrispin akasimama kuomba radhi. "Sote hatukujua," alisema. "Niliuliza darasani, na hapakuwa na mtu anayejua."

Damari aliisikia sentensi ile vizuri. Angeweza kuiacha ipite, nayo ingempitia na kumwacha safi mbele za watu. Akajikuta amesimama.

"Nilijua mimi."

Vichwa vikageuka. Akawaamkia wazee kwa kupiga goti, kisha akaeleza yote, tangu uzi wa baba yake mpaka mkono uliobanwa. Hakumtaja Antipasi. Mwishoni Kiswahili kilimponyoka, akamalizia kwa Kinyaturu, lugha ya kwao.

Mzee Mughwai alimgeukia. "Hata niliposema ni pana, ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Na ukaona haya kusema."

"Ndiyo, baba."

Mzee alisema mwalimu hana kosa, kwani asiyejua aliuliza.

"Mimi nilijua, nikanyamaza kwa kuiogopa karatasi yenu. Wewe ulijua, ukanyamaza kwa kutuonea haya sisi. Tumenyamaza wawili, mwanangu, na aliyechunika ni ng'ombe." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Alhamisi zisifungwe. Zikifungwa, tutakuwa tumerudi kule kule kunyamaza."

Mwenyekiti alikubali. Hakuna aliyesema kwamba Damari amesamehewa, naye hakuomba.

Mvua ilipoanza, kila Jumamosi aliomba ruhusa akaenda kulima kwa jembe la mkono pamoja na Marietha. Mama yule hakumkaripia hata mara moja. Angemkaripia, jembe lingekuwa jepesi. Walilima ekari moja na robo, pale ambapo plau ingelima nne. Mwaka ule mtama wa Mzee Mughwai haukufika nusu ya ghala.

Alhamisi ziliendelea. Damari aliuchora upya mchoro wa nira, na mahali pa upana wa shingo hakuandika namba. Aliacha nafasi mbili tupu, moja ya ng'ombe wa kulia na moja ya wa kushoto, ajaze mwenye ng'ombe. Antipasi alimshikia rula bila utani, na hilo nalo lilimchoma Damari, kwani utani aliouogopa hata haukuja.

Jeraha lilipona kabla ya kiangazi, lakini manyoya yaliyoota pale yalikuwa meupe, duara lisilofichika juu ya shingo nyeusi. Siku ya kupima nira mpya, Mzee Mughwai alimpa Damari uzi. Damari alimsogelea Uhuru mbele ya darasa zima, akaulaza uzi mbele ya nundu, juu ya ule weupe.

Ng'ombe alishtuka, akarudi nyuma hatua moja.

Damari alingoja. Mkono wake ukiwa juu, kila mtu akiuona, alingoja mpaka ng'ombe aliporudi mwenyewe.