Pini ya Mtutu wa Kushoto

Kiwanda kilipotangaza kwamba hakitengenezi tena bunduki za mitutu miwili, watu wa Nizwa, kule Omani, hawakutikisika hata kidogo. Nani siku hizi anayewinda? Aliyetikisika ni mmoja tu, fundi wa bunduki Mahrous, na wala hakuililia bunduki. Alimlilia Khelef.

Na msicheke. Tangu mkewe Fakhriya kutangulia mbele ya haki, nyumba ile ilibaki na yeye na redio. Mwanawe yuko Maskati. Akija Ijumaa moja moja, wajukuu humbusu mkono, humsemesha Kiarabu, kisha huinamia simu zao. Si watoto wabaya, lakini Kiswahili hawanacho. Mtu kazaliwa Mkunazini, Unguja, halafu akae mwezi mzima bila ya kutaniana na mtu kwa lugha ya mama yake! Ule ni upweke wa kufa nao.

Khelef ndiye aliyebaki. Walikua baraza moja, na sasa Khelef yuko Sur, upande wa Aija, kwa binti yake Azza. Macho hayamruhusu kuendesha gari, basi humtegemea mkwewe, Yazan. Naye Yazan, kijana mwema lakini mwenye shughuli zake, hawezi kukata masafa yote yale ya Sur mpaka Nizwa kwa porojo za wazee. Bunduki ikiharibika, hapo sawa, hiyo ni haja. Na bunduki ya Khelef, subhanallah, ilikuwa ikiharibika kila mwezi.

Baada ya tangazo lile, Khelef na Yazan walikuja na bunduki ndani ya mfuko wake, na papa mkavu ndani ya gazeti.

"Yakhe, ungali hai?" Khelef alipiga kelele mlangoni.

"Nakungoja utangulie wewe. Pita, kipofu!"

Wakacheka mpaka Khelef akapaliwa. Yazan naye akatabasamu, asijue kinachochekwa.

Mahrous akaifungua bunduki. Pini ya mtutu wa kushoto, ile inayogonga risasi, ilikuwa imekatika. Akaitia chini ya lenzi. Pini haikukatika yenyewe. Ilikuwa na mikwaruzo ya tupa, mipya, inang'aa; mtu kaikereza mpaka ikaisha nguvu. Akainua macho. Khelef alikuwa anatazama dari, kama mtoto aliyelamba sukari ya wageni.

Lo! Mzee mzima, na macho yake yale mabovu, ajifungie chumbani akereze bunduki yake mwenyewe ili aletwe Nizwa! Mahrous alitaka kucheka, akajizuia, akaifunika pini kwa kiganja.

"Ammi," Yazan akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, simu mkononi, "mimi nimesoma. Kiwanda imesimama, mitutu miwili khalas. Spea hakuna tena. Sasa hii inatengenezeka ama vipi? Kama haitengenezeki, nitamnunulia ammi Khelef mpya, ya mtutu mmoja. Hiyo haiharibiki. Hatutakusumbua tena."

Alisema kwa adabu, na kila neno lilimchoma Mahrous. Ndani ya mtoto wa meza mlikuwa na pini moja ya kiwanda, ya mwisho. Akiitia, Khelef ataikereza, na baada ya hapo? Akisema hakuna, itanunuliwa mpya, na Khelef hana tena la kumleta. Amwambie kijana, niletee rafiki yangu, nakufa kwa ukiwa? Neno lenyewe ni hilo tu, lakini wazee wale walilelewa kwamba mwanamume hulia ndani.

"Nitachonga mwenyewe," Mahrous akasema. "Lakini nikwambie kweli, mwanangu. Mikono imezeeka. Pini zangu hazitadumu. Mwezi mmoja, itakatika. Itabidi mje, na mje tena."

Fundi aliyesifiwa toka Samail mpaka Ibra, anasema hivyo kwa mdomo wake! Yazan akaitazama ile mikono kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Mahrous kuliko tusi.

"Ma'alesh, ammi, si kitu," Yazan akasema taratibu. "Tutakuja."

Khelef alimshika fundi mkono, asiuachie. Walikuwa rika moja, waliotiwa jandoni siku moja, na hawajapata kuamkiana hivyo.

"Shikamoo, Mahrous," akasema.

Bunduki wakaiacha, wakaenda zao. Mahrous akabana kipande cha chuma kwenye jiliwa, akaanza kuchonga pini mbovu, nyembamba shingoni, ili Khelef asihangaike tena na tupa akajikata vidole. Akaipiga nyundo kuijaribu. Haikuvunjika. Akaipiga tena, kwa nguvu zaidi, haikuvunjika.

"Mkono huu haujui kuharibu," akasema kwa Kiswahili, na hapakuwa na wa kumjibu. Akaitupa ndani ya kopo, akachukua chuma kingine.