Barua Saba za Ndaya

Mimi sikuumbwa kwa kungoja. Mume wangu husema hata maji ya bukari, ugali wetu, nayafokea yachemke upesi. Basi fikirini hali yangu asubuhi ile ya mwaka 1943, ndani ya behewa la mizigo lililotubeba bure kutoka Kolwezi mpaka Tenke. Nimekaa juu ya gunia la karanga, mbele yangu Mama Mbelu kampakata mjukuu wake, na mdomoni mwangu kuna neno nililolikalia miezi kumi na minne.

Tulikuwa Komite ya Bamama ya Basoda, kamati ya kuwasaidia wake wa askari. Hakuna aliyetulipa, na hakuna aliyetutuma. Vita ilipoanza kuchukua wanaume katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, wake zao walibaki na mashamba yasiyolimwa na mapaa yanayovuja, nasi tukasema haya si mambo ya kutazama. Kila Alhamisi tulilima shamba la mke mmoja, watu ishirini kwa mstari mmoja, na kabla jua halijawa kali limekwisha. Mimi nilikuwa mgeni pale Kolwezi, nimetoka kaskazini ya Katanga, ambako masista walinifundisha kusoma na kuandika. Kwa hiyo jembe nilishika kidogo, kalamu nikashika sana. Jumapili baada ya misa nilikaa kwenye baraza ya darasa, wake wa askari wakaniambia maneno, nami nikayaandika.

Ndaya, binti wa Mama Mbelu, alikuja kwangu mara mbili. Ilipofika zamu yake ya tatu tulikuwa tumeshamzika. Alikufa akijifungua, na mumewe, Badibanga, alikuwa katika kambi ya jeshi huko kusini, siku tano kwa miguu, ruhusa zimefungwa.

Tata Polycarpe, katekista wetu na mkubwa wa komite, ndiye aliyekata shauri.

"Soda mwenye kulia hawezi kulenga bunduki," alisema. "Atajua siku atarudia. Kwa sasa tumuambie mutoto amezaliwa, basi."

Wote tuliinua mkono. Na mimi niliinua, tena wa kwanza, maana mkutano ulikuwa mrefu na nilitaka kwenda zangu nyumbani. Nikaandika kwamba mtoto ni msichana, jina lake Ntumba, na mama yake anakusalimia. Nikadhani yamekwisha. Badibanga akajibu kwa mkono wa rafiki yake mmoja aliyejua kuandika. Akauliza kama mtoto ana nywele nyingi. Akamwonya Ndaya asiwaazime wajomba zake baiskeli. Barua kama hiyo utaiacha bila jibu? Nikajibu. Akajibu. Zikafika saba, na nitasema kweli, nilianza kuzipenda. Ndaya wa kwenye karatasi alikuwa mcheshi, ana maneno, anajua kubembeleza. Wakati mwingine nilicheka peke yangu nikimwandika, na kaburi la mwenyewe liko nyuma ya kambi, nyasi zimeota.

Mama Mbelu hakujua lolote. Siku ya matanga alimwomba Polycarpe ampelekee mkwe wake habari, Polycarpe akaitikia kwa kichwa, naye akaridhika. Sasa habari ilikuwa imefika kwamba askari wale wanapelekwa kwenye meli, vita ya ng'ambo, na treni yao itasimama Tenke kunywa maji. Nilikuwa nimejiapia: kabla ya kufika nitamwambia mama huyu ukweli, halafu mimi mwenyewe nitamwambia Badibanga. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

"Mama Mbelu," nilianza, "leo utamuona Badibanga."

"Nitamuona namna gani? Ule ni muku wangu."

Kwa sisi Waluba, wa Kasai na wa Katanga, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso. Hiyo ni heshima, na watu wanaishika. Mama Mbelu na Badibanga walipakana nyumba miaka mitatu. Kila alfajiri, kabla ya kwenda mgodini, kijana alimwamkia kutoka nyuma ya ua wa matete, na mama alimjibu ameinamia sufuria. Sauti yake aliijua kuliko ya ndugu zake. Uso wake hakuujua.

"Ata sasa, kama Ndaya hayuko?" nikauliza.

"Ata sasa. Siku miye naye tutalia Ndaya pamoja, njo siku nitafungua uso. Hatuyalia bado." Akamfuta mtoto kamasi. "Nawazaka sana ile siku alipata habari. Kulia peke yake mu kambi ya basoda, bila mutu wa kumushika mukono. Masikini."

Nilisema moyoni, tukipita daraja nitamwambia. Tukapita daraja. Nikasema, tukipita kilima kile. Kilima kikapita, na Tenke ikafika, na mimi ninachezesha miguu kama mtu aliyeingiliwa na siafu.

Mzungu wa stesheni alitupa masharti: treni itakaa dakika ishirini, askari hawashuki, wanawake hawapandi. Wake wanne tuliokuja nao wakapanga vyungu vyao kando ya reli. Mama Mbelu alikaa juu ya jiwe, akageuzia reli mgongo, akajifunika kitambaa kichwa na uso. Ntumba alinikabidhi mimi.

Treni ilipoingia, kila dirisha lilikuwa limejaa vichwa, na kila kichwa kinapiga kelele. Nilikimbia na mtoto kiunoni, ananililia sikioni.

"Badibanga! Badibanga wa Kolwezi!"

"Niko hapa, mama!" akaitika mmoja mwembamba, meno yote nje. "Leta mutoto, ata kama haiko wangu!"

Behewa zima likacheka. Nilimwambia akamtafute aliyemzaa yeye kwanza, wakacheka zaidi. Ndipo sauti nyingine ikatoka dirisha la pili, nzito, ya polepole.

"Nani anaita Kolwezi?"

Nyuma yangu Mama Mbelu alisema bila kugeuka, "Ule wa pili. Njo ye."

Alikuwa mtu mpana, kovu dogo kwenye nyusi. Hakuniuliza mimi ni nani. Alinyoosha mikono, nikampandishia mtoto dirishani. Ntumba alilia, akapumua, akakiona kifungo cha shaba kwenye koti la baba yake, akakishika. Badibanga akanusa kichwa chake.

"Kweli nywele iko mingi," akasema, na machozi yakamtoka huku anacheka. Kisha akainua macho, akatazama huku na huku juu ya vichwa vya watu. "Na Ndaya? Eko wapi?"

Neno lilikuwa tayari. Nilikuwa nimelirudia njia nzima. Nikafungua mdomo, na nilichosikia kikitoka ni hiki:

"Alibakia ku nyumba. Mugulu inamuuma. Anakusalimia."

Niliuchukia mdomo wangu. Mpaka leo nauchukia.

"Mama Agnès," Mama Mbelu aliniita kutoka pale jiweni, taratibu. "Umesema nini?"

"Habakumuambia?" akauliza tena.

Mficha maradhi, kilio humfichua, nami nilikuwa nimesimama katikati ya kilio chenyewe na bado naficha.

Mama Mbelu aliinuka. Aligeuka, akaja mpaka chini ya dirisha, akavuta kitambaa kikashuka mabegani. Badibanga, kijana mwenye adabu, aliziba macho upesi kwa kiganja na kugeuza shingo. Alingoja mama ajifunike. Mama hakujifunika. Kijana akachungulia kati ya vidole, akauona uso ule kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ukiwa wazi, umemwelekea. Nikaona mwili wake wote unaelewa kabla yeye hajataka.

"Mama, funika uso," akasema. "Tafazali, mama. Funika."

"Badibanga, mwana wangu, alikufaka siku Ntumba anazaliwa. Leta mukono tulie."

Akaleta mkono. Mama aliushika kwa mikono yake miwili, akaanza kumlilia Ndaya kwa Kiluba, akimwita kwa majina ya mababu zake, na mkwe wake akaitikia kutoka juu, mtoto kifuani. Yule mwembamba wa dirisha la kwanza alivua kofia. Hakuna aliyecheka tena katika behewa lile.

Filimbi ya kwanza ilipolia, Badibanga alinitazama mimi.

"Ile barua?"

"Niliandika miye."

"Yote?"

"Yote saba."

"Ata ya mwezi wa saba?"

Niliikumbuka vizuri. Mwezi ule askari wengi walikuwa wanatoroka, na Polycarpe aliniambia nitie moyo. Niliandika jioni moja bila kufuta hata neno, nikajivuna, nikamsomea mume wangu.

"Ata ile," nikasema.

"Nilikuwa nimefunga bitu yangu," alisema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Rafiki yangu alikuwa anayua njia ya pori. Siku tano, niko Kolwezi. Barua ikafika. Ndaya anasema, usitoroke, usinipatishe haya mbele ya bamama, baki, nitakungoja. Rafiki alienda. Miye nikabakia."

Filimbi ya pili. Aliinama, akamshusha mtoto akamweka mikononi mwa Mama Mbelu, na magurudumu yakaanza kuzunguka.

Nilitembea kando ya dirisha, kisha nikakimbia. Sijui ni nini kilinishika. Nilimpigia kelele mbele ya maofisa na mzungu wa stesheni na kila mtu: "Shuka! Ruka, Badibanga! Ruka sasa, mutoto wako eko huku, ruka!" Kiatu kimoja kilinitoka, nikaendelea. Askari wa mabehewa ya nyuma walidhani ni mwanamke aliyeachwa anamlilia mpenzi wake, wakanipigia makofi.

Yeye alishika mbao ya dirisha kwa mikono miwili, macho kwa mtoto. Barua yangu aliitii. Mimi mwenyewe hakunitii.