Atlético Wakiwa Mbele

Nyumba nzima pale Aziziya, Jeddah, ilijua: Atlético ya Madrid ikishinda, muombe bosi unachotaka, ikifungwa, jifiche jikoni. Usama alisoma Madrid ujanani, akarudi na shahada moja na ugonjwa huo mmoja. Sellah, mfanyakazi wake wa ndani kutoka Siaya, alisomeshwa historia ya klabu hiyo huku akipiga pasi, atake asitake: wanafunzi wa Kibaski walivyoianzisha mwaka 1903, na ilivyoongoza fainali ya Ulaya mwaka 1974 hadi dakika ya mwisho, ikasawazishiwa, kisha ikachapwa manne kwenye marudiano. Hapo bosi hufuta machozi. Mwanamume mzima!

Sellah naye alikuwa na lake. Mkataba ulikwisha, mama yake alikuwa hoi hospitalini, na kibali cha kutoka nchini hutolewa na kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, peke yake. Madam Hala, mke wa bosi, alishakataa: Ramadhani imekaribia, nani atapika?

"Wewe ngoja fainali," dereva Timothy alimshauri. "Bosi akifurahi, madam hafui dafu."

Mei 2014 fainali ya Ulaya ikafika. Kabla ya mapumziko Atlético wakafunga. Usama akaja mwenyewe jikoni, jezi imembana tumbo, meno yote nje.

"Sellah! Leo omba chochote!"

Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini tamaa ikamwingia, na nani asingeingiwa? Kombe likija, si atatoa na tiketi ya ndege?

"Mechi ikiisha, baba."

"Aiwa! Utapata zaidi."

Muda ukaisha, zikabaki dakika za nyongeza. Kona moja, mpira wa kichwa, wakasawazishiwa, moja kwa moja. Sellah alilisikia bao hilo kutoka jikoni, na hadithi hiyo aliijua. Kwenye muda wa ziada wakafungwa matatu mengine.

Asubuhi aliomba kibali hivyo hivyo. Usama hakuinua uso.

"Halas, basi, Sellah. Baada ya Idi. Labda mwakani."

"Mama hawezi kungoja, baba."

"Sisi tumengoja miaka arobaini," alisema, akamkabidhi jezi. "Ifue kwa maji baridi, isichuje."

Mama alizikwa katikati ya Ramadhani. Sellah aliyasikiliza mazishi kwenye simu, akikunja sambusa za futari.