Kitanda cha Kebaso

Mwalimu Chepkosgei alitupa kazi siku ya Jumanne: kila mtu aandike hadithi fupi juu ya mtoto mpweke. Alisema si lazima iwe ya kweli. "Tungeni tu," alisema. "Hakuna atakayewapeleka kortini."

Maneno hayo yalinisumbua. Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili, mimi nikiwa na miaka arobaini na miwili, mwaka wangu wa pili katika masomo ya ngumbaru. Kila mara kabla ya kushika kalamu nilikuwa naomba, kwa sababu ni Mungu aliyenifungua macho nikaijua a na e, na sikutaka kuitumia zawadi hiyo kuandika uongo. Niliomba siku mbili. Mwishowe niliamua kuandika mambo ya kweli tupu, ila mtoto nimpe jina lingine. Nilimwita Kebaso.

Alhamisi saa kumi na moja, majani chai yalipokwisha kupimwa, tulikusanyika katika nasari ya kambi yetu ya wachuma chai, watu wazima kumi na wanne kwenye viti vya watoto, magoti yakitugusa kidevu. Mwalimu alipitia madaftari yote, akanirudishia langu na kuniambia nisome mbele ya wenzangu. Nilisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

Kebaso alikuwa na miaka sita. Mama yake aliolewa mahali pengine, na mume mpya hakutaka mtoto wa mtu, hivyo akaachwa kwa mjomba. Hakupigwa. Chakula alipewa, sahani iliwekwa karibu na mlango na aliyeileta akaenda zake. Ila hakuna aliyemwita. Jioni watoto wengine waliitwa nyumbani, kila mmoja kwa jina lake, naye alingoja zamu yake mpaka milango ikafungwa. Basi akaanza kwenda nyuma ya nyumba na kujiita kwa sauti nene, "Kebaso!" Halafu alikimbia mbele ya nyumba na kuitika, "Naam, nakuja!" Alifanya hivyo kila jioni. Hapo nilikuwa nimeishia.

Nilipoinua macho, wanawake walikuwa wameziba midomo kwa leso. Mwalimu alikuwa amegeukia ubao ingawa ubao haukuwa na kitu. Alfayo, ambaye hukata kuni za kiwanda na hataniani na mtu, alikuwa anapenga kamasi.

"Ni moshi ya kiwanda," alisema.

"Kiwanda imezimwa tangu jana," Phelis aliyeketi jirani yake alimjibu. "Lia tu, Alfayo. Hata nyapara hayuko hapa."

Niliwatazama kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha kwenye mlima wa ng'ambo. Nilichowaza tu ni kwamba sikuwa nimekwama kwenye neno lolote.

Ndipo aliposimama Loice, mke wa Nyang'au dereva wa trekta. Katika kambi yetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Mama Bosibori, Mama Ndung'u. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa na bado tulimwita Loice.

"Baba Gichana," aliniambia, "hii ni kweli ama umetunga?"

"Ni kweli."

"Hiyo boma iko wapi?"

"Ukipita Sotik, ng'ambo ya mpaka wa wilaya. Si mbali na barabara."

Nilimjibu kweli kwa kila swali, na sikuongeza. Kisha Mzee Zacheus, mkubwa wetu darasani, akasema tumwombee mtoto huyo. Walisimama wote wakaomba Kebaso apate wa kumfunika, apate wa kumwita. Nami nilisimama nikafunga macho, nikamwombea pamoja nao, nikasema Amina. Sikuona ajabu yoyote. Mtoto yule alikuwa mbali nami kama alivyokuwa mbali nao.

Jumapili mchana nilikuwa peke yangu mlangoni nikichambua maharagwe, kwa kuwa mke wangu na mwanangu Gichana hukaa nyumbani kwetu kulima. Loice alikuja mbio mbio, bado na nguo za kanisa.

"Nyang'au amekubali," alisema kabla hajafika. "Ijumaa alikataa. Jana akakataa. Leo asubuhi ameamka tu akaondoa magunia kwa ile kona, ameweka kitanda. Mimi nimeshona godoro ya nyasi. Ni fupi, ya miaka sita, lakini kama amerefuka nitaongeza. Kesho kuna lori ya kwenda Sotik. Utatupeleka, Baba Gichana?"

Niliona kwamba nikinyamaza tena kidogo tu, mama huyu atapanda lori.

"Keti, dada."

"Sitaki kukaa. Amekufa?"

"Hajafa. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Kebaso ni mimi. Ilikuwa zamani, kabla ya ile vita kubwa ya wazungu."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, mimi na mvi zangu, kama anayetafuta mahali nilipomficha mtoto. Kisha akakaa chini kwenye udongo na nguo yake ya kanisa.

"Ulisimama tukiomba," alisema. "Ulisema Amina."

"Nilisema."

"Ukaniona nikilia."

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza. Wewe, mtu wa maombi!"

Nilitaka kumwambia kwamba sikusema uongo hata neno moja. Nilipolipanga jibu hilo kinywani, niliona halifai. Nilikuwa nimeweka kweli yangu yote mbele ya Mungu, na kwa kweli hiyo nimemtandikia mwanamke huyu kitanda kisicho na mtu.

"Nimekukosea, dada," nilisema. "Nisamehe."

Sauti yangu ilikuwa ile ile ya kusomea. Nilijua hapo mtu hulia. Nimeyaomba machozi miaka mingi, na siku hiyo pia hayakuja.

Alikaa akichora ardhi kwa kidole. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Na hakuna mtu alikuja?"

"Kwa nani?"

"Kwa huyo mtoto. Hata siku moja?"

"Hapana."

"Basi haijaisha. Leta hiyo daftari."

"Loice, sitaandika jambo ambalo halikuwa."

"Hayo yaliyokuwa nimeshaona kazi yake," alisema. "Leta."

Niliingia ndani. Nilisimama kidogo mbele ya meza nikamwuliza Mungu kama ni dhambi. Sikusikia kukatazwa. Nilitoka na daftari, nikaketi kwenye kigoda, nikaandika: *Siku moja mama mmoja alikuja.* Hapo nikakwama. Nilitafuta kichwani mama kama huyo husema nini anapomfikia mtoto wa namna ile, nisipate kitu. Hata Gichana wangu, nikienda nyumbani mwisho wa mwezi, humwuliza habari za shule, basi.

"Anasema nini?" nilimwuliza.

"Nani?"

"Huyo mama. Akishafika. Mimi sijui."

Loice alifuta uso kwa leso, upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Kwanza hasemi," alisema. "Anachuchumaa. Anamtoa matope kwa goti. Halafu anamwambia, ala, hii kaptura imekubana, kumbe umekua hivi! Nani anakunyoa vibaya namna hii? Haya, beba kitu yako twende, nimeacha ndizi kwa moto, na huyo Nyang'au tukichelewa atazimaliza zote. Usishike ukuta, nishike mimi. Ukichoka utasema. Usiogope kusema umechoka..."

"Ngoja," nilimwambia. "Kaptura imefanya nini?"

"Imembana."

Niliandika. Alingoja akiangalia mkono wangu, na nilipofika mwisho wa mstari akaendelea.