Kiti cha Nyuma

Usiku wa kuamkia leo niliota karatasi ya maelekezo imeketi kwenye kiti changu, miguu juu ya meza, ikinisubiri.

Ilikuwa karatasi ya kidege cha plastiki nilichokuwa nikikiunda, mfano wa ndege ya kijeshi ya zamani, ya mafunzo, yenye viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Karatasi hizo hazina maneno, zina michoro na mishale tu, kwa hiyo haikunisalimu. Ilielekeza mshale kwenye kioo cha kufunika viti, ambacho kilikuwa pembeni mwa meza tangu mwaka jana. Nikaiambia nitakibandika kesho. Mshale haukusogea.

Ukweli ni kwamba kidege kilikuwa kimekwisha. Mabawa yamekaa, rangi imekauka, nembo zimeshika. Kilichobaki ni kioo, na kioo sikukitaka. Baba yangu, Fundi Mwadime, alizihudumia ndege za aina hiyo ujana wake wote na hakuruka hata mara moja. Siku moja rubani alimwita apande kiti cha nyuma. Baba akatazama ovaroli yake iliyolowa oili, akasema atachafua kiti, heri kesho aje na nguo safi. Kesho yake ndege zikahamishwa. Alitusimulia hayo miaka nenda miaka rudi, na kila mara aliishia palepale, kwenye ovaroli. Kidege nilikuwa nikimuundia yeye, akafa kabla sijapaka rangi ya pili. Kukifunga kiti cha nyuma kikiwa kitupu niliona ni kumnyima tena.

Basi naota. Rubani wa plastiki anageuza shingo, ingawa nilimbandika kitini kwa mkono wangu, ananiambia haondoki bila abiria, ndege itaelemea mbele. Namuuliza abiria atatoka wapi.

"Yuko jikoni," anasema. "Anamalizia chai."

Kweli, baba yuko jikoni na ovaroli yake. Hashangai kuniona. Anauliza kama nimefunga geti. Nasema nimefunga.

Tatizo ni kimo. Kwenye videge vya aina hii kipimo cha kila kitu halisi hugawanywa kwa sabini na mbili, wala hakuna upendeleo. Rula ikaja ikafanya kazi yake. Baba akapungua polepole kama kipande cha sabuni, mpaka akawa mdogo kuliko kidole changu gumba. Viatu vikapungua, ovaroli ikapungua, mvi nazo zikapungua. Kikohozi kikakataa. Kilibaki kikubwa vilevile, na kila akikohoa meza inatetemeka.

Umri nao uligawanywa, akabakiwa na mwaka mmoja na ushei. Rula ikasema mwenye umri huo haruki bila kupimwa. Nageuka, tuko kliniki ya watoto, foleni ya akina mama imefika mlangoni. Baba nimembeba kwenye kifuniko cha chupa. Muuguzi anamtundika kwenye mizani.

"Mama yake yuko wapi?"

"Nimemleta mimi."

"Wewe ni nani wake?"

"Mwanawe."

Anaandika. Anauliza kama ameanza kutembea. Nasema alikuwa akitembea, akaacha. Anaandika hilo pia, kisha anasema uzito unatosha, tuwahi.

Tunarudi mezani, ila meza sasa ni uwanja wa ndege na upepo ni mwingi. Namweka baba juu ya bawa kwa kibano. Anatembea hadi ukingoni mwa kiti cha nyuma, anasimama. Najua anachokitazama.

"Righa, nitachafua kiti."

Moyo uliniuma hata usingizini. Mtu amekufa, amegawanywa, amepimwa, na bado anaogopa kiti. Nikamweleza kwamba sisi waunda videge hatutaki ndege safi. Tukimaliza rangi tunachukua brashi nyembamba tunaichafua makusudi: oili chini ya injini, masizi ubavuni, tope kwenye magurudumu, ili ionekane iliwahi kufanya kazi. Akanitazama kama mwenye wazimu. Maisha yake yote alifuta uchafu huohuo kwa kitambaa, na mwanawe anaununua dukani ukiwa kwenye kichupa.

"Unaupaka?"

"Naupaka, baba. Wako ni wa kweli. Keti."

Akaketi. Akafunga mkanda, akaweka mikono magotini, akatulia.

Hapo gundi inaniita pembeni. Ni kichupa chenye adabu, kinazungumza kwa sauti ya chini. Kinasema gundi yake ikishakauka haifunguki, nisije nikalaumu. "Ukitaka abaki, usinitumie. Atakaa hapa mezani, mtazungumza. Ila hataruka."

Nilitaka abaki. Nasema wazi, nilitaka abaki. Nilikuwa na maswali ya mwaka mzima, mengine ya kipuuzi, kama funguo za stoo aliziweka wapi, na lile moja, alitaka kusema nini pale hospitalini alipoanza neno akashindwa kulimaliza. Nikainama nimuulize. Rubani akawasha injini. Midomo ya baba ilicheza, alinijibu kwa kirefu, nami sikusikia kitu. Akagusa masikio kuonyesha kwamba naye hanisikii. Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo.

Nikakibandika.

Ndege ikapita kati ya kikombe na taa, ikainuka ilipofika ukingo wa meza. Nilibaki nimeshika kibano. Nilijuta hapohapo, kabla hata haijapita dirishani.

Niliamka jua limeshapanda. Dada yangu Wawuda alikuwa amesimama mezani na kikombe chake cha chai, akaniuliza kioo nilikifunga lini. Nikamwambia sijakifunga. Akasema basi nije nione.

Tuliinama wote wawili. Kioo kilikuwa kimeshika pande zote. Juu ya kiti cha nyuma kulikuwa na ukungu mdogo, kama wa pumzi. Wawuda akaupangusa kwa ncha ya kanga, haukutoka, maana ulikuwa kwa ndani. Tukiwa tunautazama ukafifia wenyewe, kisha ukarudi, ukafifia, ukarudi.

Wawuda aliweka kikombe chini.

"Kifungue," akasema.

Nikamwambia gundi imekauka.