Kumi na Nane

Sita. Tisa. Kumi na mbili. Kila asubuhi katika karakana ya chuo, Tabora, nilianza kazi hivyo, na asubuhi ile ya mwaka 1975, kijijini Ipole, nilianza hivyo hivyo: nazungusha kifundo cha volti, sindano ya mita inapanda, naandika. Nilikuwa nimefika kumi na nane wazee walipoingia.

Nikaweka kalamu, nikapiga magoti. Bibi alinifundisha kwamba mtu mzima hasalimiwi na mkono ulioshika kazi. Shikamoo; marahaba; wa nyumbani hawajambo; na mvua huko mjini? Wazee saba, mmoja mmoja. Nilipoinuka uso ulikuwa unawaka kwa kutazamwa, nikataka tu yaishe. Nikaunganisha redio.

Ilikoroma mara moja, kisha ikatoa moshi.

Ilikuwa redio ya kijiji, iliyopatikana kwa asali ya msimu mzima. Kwayo watu wazima walifuata masomo ya kusoma na kuandika. Ilitaka volti sita. Fundi Shomari, mtengeneza baiskeli, alikuwa ameunda kisanduku cha bati cha kupunguza umeme wa betri mbili za lori: kifundo kimoja cha volti, kingine cha ampea. Mimi nilitumwa na chuo kukijaribu. Kikifaa, angetengenezea vijiji vingine.

"Bati la Shomari limekula redio!" Mama Mwanne, mwalimu wa masomo hayo, alipiga kofi. "Si tulisema? Wa baiskeli abaki na baiskeli!"

Walicheka, kicheko cha watu waliopoteza kitu. Shomari akainama, akatazama kifundo, akanitazama mimi. Akakirudisha sifuri taratibu. Nikakunja nyaya za mita yangu.

Kwenye ripoti niliandika: *Hakifai.*

Miezi miwili sikuweza kushika mita bila kuliona neno lile. Mwishowe nikapanda lori la tumbaku, nikarudi. Nilimkuta Shomari anaziba mpira wa baiskeli. Gundi na viraka alikuwa ameviweka ndani ya kile kisanduku.

"Baba, nimekuja..."

"Kifundo nilikikuta kumi na nane," alisema, macho kwenye mpira.

"Mbona ulinyamaza?"

"Mgeni haaibishwi mbele za watu, mwanangu."

Nikamwonyesha ripoti mpya, ile ya zamani nimeifuta kwa mkono wangu. Aliishika kwa ncha za vidole asiichafue, akanirudishia.

"Hii ni ya Tabora," akasema. Akaelekeza kidevu kwenye banda la darasa, ambako watu walisomeshwa kwa ubao peke yake. "Na hao?"

Ni hatua kama arobaini hivi. Mama Mwanne ndiye aliyeniona kwanza. Chaki ikabaki hewani. Magoti yalitaka kushuka kwa salamu kama siku ile, nikayakatalia ili wote wauone uso wangu.

"Shikamooni," nilisema. "Kisanduku cha fundi Shomari ni kizima. Redio niliiunguza mimi."